Mkutano wa siku moja wa watu wazima wenye usonji Tanga: naomba mwongozo wa maandalizi

pwani_tulivu aliuliza:

Habari zenu wakuu. Tuko kikundi cha watu wazima wenye usonji hapa Tanga. Waendeshaji ni saba, na tunataka kufanya mkutano wa siku moja mwezi wa saba kwa watu kama 25. Hatutaki semina, wala maadhimisho ya aina ya tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, yenye maandamano na fulana. Tunataka siku ambayo mtu anafika, anazungumza akipenda, ananyamaza akipenda, halafu anarudi kwao bila kulala na maumivu ya kichwa siku mbili zinazofuata.

Ukumbi tulioahidiwa umeezekwa bati, una taa za mirija na feni za darini. Kuna ofisi imekubali kulipia chakula na nauli, ila inataka mgeni rasmi, MC na picha. Wazazi wa baadhi ya washiriki nao wanataka kuwepo na kupewa nafasi ya kusema. Naomba wanaoyajua haya wanieleze: ukumbi niukague vipi, ratiba iweje, salamu na utambulisho tufanyeje, chakula kipi, na wafadhili na wazazi niwaweke wapi. Msiogope urefu.

---

fundi_ratiba alijibu:

Mkuu, anza na ukumbi, maana siku yenyewe huwezi tena kuubadilisha. Nenda kaukague siku ileile ya wiki na saa zilezile za mkutano wako. Ukumbi ulio kimya Jumanne unaweza kuwa na watu wa mapambo ya harusi Jumamosi, na kuanzia saa sita mchana wanajaribu spika. Uliza pia misikiti na makanisa ya jirani, gereji, na kituo cha bodaboda.

Ukiwa ndani simama katikati upige kofi moja. Mlio ukirudi, ujue watu 25 wakizungumza kwa pamoja hakuna atakayemsikia mwenzake, na wenye masikio makali watatoka nje ndani ya nusu saa. Tandika mikeka sakafu nzima, tundika vitenge vizito au mapazia kwenye kuta mbili zinazotazamana. Mikeka inamaliza pia ule mkwaruzo wa viti vya plastiki kwenye vigae, ambao wenyeji wa ukumbi hata hawausikii ila kwa wengi wetu unachoma. Bati mwezi wa saba si tatizo kubwa kwa kuwa masika yamepita, lakini manyunyu ya Tanga hayana adabu, kwa hiyo weka akiba ya vizibo vya masikio vya sponji. Kwa watu 25 nunua jozi 40. Vinaanguka, vinapotea, na kilichookotwa chini hakirudishwi sikioni.

Taa za mirija: zile za zamani zenye balasti ya sumaku (kile kifaa kizito kinachodhibiti umeme wa taa) humeta mara 100 kwa sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko taa humeta mara mbili. Wengi hawaoni, lakini wapo ambao macho na kichwa vinaumia kabla hata hawajajua kinachowasumbua. Fungua kamera ya simu uielekeze kwenye taa. Ukiona michirizi myeusi inapita kwenye kioo, zima hiyo taa utumie mwanga wa dirisha. Baadhi ya taa za LED za bei rahisi nazo ziko hivyo, usiziamini kwa jina. Feni usizizime zote, Tanga utawapika watu. Washa moja moja usikilize, inayogonga au kulia izimwe, na viti vipangwe ili mtu achague kukaa kwenye upepo au nje ya upepo.

Harufu ndiyo inayosahaulika zaidi. Omba deki ipigwe siku moja kabla, kwa maji na sabuni isiyonukia. Choo kisiwekwe vidonge vya kunukia. Halafu kwenye mwaliko andika wazi, mapema, kuwa tunaomba watu waje bila marashi, bila udi kwenye nguo. Kwa pwani hili lielezwe kwa upole na kwa sababu yake, maana mtu anayejifukiza udi kabla ya kutoka anafanya hivyo kwa kukuheshimu. Ukimwambia mlangoni umemuaibisha, na nguo hana nyingine.

Unahitaji sehemu tatu zilizotengana. Ukumbi wa vipindi. Kivuli au baraza la nje la kuzungumzia. Na chumba cha utulivu. Hicho cha tatu ndicho watu wanachokikosea: kinageuzwa stoo ya maji na maboksi ya chakula, au pa kunyonyeshea, au pa kuswalia, na mpaka saa tano mlango umefunguliwa mara hamsini. Tenga vyumba vingine kwa kazi hizo. Humo weka mikeka, mito minne au mitano, viti viwili vinavyotazama ukuta, pazia zito, basi. Simu zizimwe mlio. Hakuna kuzungumza, hata kwa kunong'ona, na hakuna kumuuliza mtu "unajisikiaje?". Msaidizi akae nje ya mlango. Na kuna sheria moja ambayo sharti muishike: hakuna mtu anayetumwa kwenda chumba hicho. Siku mtakayomwambia mtu "nenda ukatulie" mmekigeuza adhabu, na wanaokihitaji kweli watakikwepa.

Ratiba ya watu wengi huharibika kwa kujaa. Vipindi vitatu vinatosha, kila kimoja dakika 40, na pengo lisilopungua dakika 30 katikati. Mlango saa 3:00 asubuhi, kipindi cha kwanza saa 4:00, cha pili saa 5:15, chakula kuanzia saa 6:30 mpaka saa 8:00, cha tatu saa 8:30, kufunga saa 10:00. Andika na saa inayoonekana kwenye simu pembeni yake, "saa 3:00 asubuhi, simu itaonyesha 9:00", usimwachie mtu kubahatisha. Itume siku 10 kabla, pamoja na picha ya geti kwa nje, ukumbi ukiwa mtupu, choo, chumba cha utulivu, na nyuso za waandaaji wakiwa na nguo watakazovaa siku hiyo. Eleza njia kutoka kituo cha daladala, na alama za barabarani. Saa 4:00 ikifika kipindi kianze, hata kama wamefika watu sita. Kuchelewesha ili "watu wajae" ni kuwaadhibu waliojiandaa wiki nzima kwa saa hiyo.

Likibadilika jambo, lichorwe mstari kwenye ratiba ya ukutani na jipya liandikwe chini yake. Usifute. Mtu anahitaji kuona kilichokuwepo na kilichochukua nafasi yake.

Umeme ukikatika msiwashe jenereta. Pangeni siku nzima iweze kwenda bila umeme, bila projekta na bila kipaza sauti. Watu 25 hawahitaji kipaza sauti.

---

nyota_kisauni alijibu:

Hapo juu amemaliza ukumbi. Mimi niongeze upande wa watu, kwa sababu desturi zetu za mikutano zina mambo ambayo hakuna mwongozo wa Ulaya utakaokuambia.

Wanaofanya mikutano hii wamekuwepo muda. Autism Network International ilianzishwa mwaka 1992 na watu wenye usonji wenyewe, akiwemo Jim Sinclair, na mwaka 1996 wakafanya Autreat, mkutano wao wenyewe, kwa mara ya kwanza katika jimbo la New York, Marekani. Uingereza, mkutano wa aina hiyo uitwao Autscape ulianza 2005. Msingi wao ni kwamba nafasi zipo, shinikizo halipo. Kila jambo kwenye ratiba mtu anaweza kuliacha bila kuomba ruhusa na bila kueleza sababu. Ukilishika hilo, maswali yako mengi yanajijibu.

Chukua utambulisho. Kwetu mkutano hauanzi mpaka kila mtu amesimama akasema jina, anakotoka na matarajio yake. Kwa watu 25 hiyo ni nusu saa ya mtu kuhesabu zamu inavyomkaribia, na kinachosemwa kipindi kinachofuata hakisikii tena. Futa kabisa. Weka meza mlangoni yenye kadi na kalamu, mwenye kutaka aandike jina analotaka kuitwa, na ukutani weka karatasi kubwa ambapo mtu anaandika jambo analolipenda ili wenzake wamfuate wakati wa mapumziko. Reli, majina ya ndege, ushonaji, mpira wa miaka ya nyuma, chochote. Urafiki mwingi huanzia pale, kwa sababu mtu ana pa kuanzia.

Salamu: wazee wataudhika kijana asipotoa shikamoo, na kijana atakosa pumzi akinyooshewa mikono kumi mfululizo akiulizwa habari za nyumbani, za kazi, za safari. Andika bango mlangoni kwa herufi kubwa: "Hapa si lazima kupeana mkono wala kujibu salamu. Kunyamaza si dharau." Kisha wapigie simu wazee watakaokuja, siku mbili kabla, uwaeleze kwa mdomo. Bango pekee kwa mtu mzima halitoshi, anataka kuambiwa.

Makofi na vigelegele ndivyo vinavyowafukuza watu ukumbini. Badala yake inueni mikono na kuitikisa, kama wafanyavyo viziwi. Mwenyekiti aonyeshe mwanzoni, na kipindi cha kwanza atalazimika kukumbusha mara mbili tatu.

Beji za rangi zilizotumika Autreat zitakufaa. Nyekundu: usinisemeshe. Njano: nisemeshe ikiwa tu tunajuana. Kijani: natamani kuzungumza lakini kuanza kunanishinda, njoo wewe. Kila mtu apewe kadi zote tatu ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, abadilishe ya mbele wakati wowote. Asiyevaa yoyote anaweza kusemeshwa kwa kawaida na atajisemea mwenyewe. Mfuko uwe wa kubana kwenye nguo na wa kuning'iniza pia, kwa sababu wapo wasiovumilia kamba shingoni.

---

mwana_duga alijibu:

Nakubaliana na @nyota_kisauni isipokuwa rangi peke yake. Kwa Tanzania ukimpa mtu kadi nyekundu na mwingine ya njano na kijani, wa kwanza ataulizwa kuhusu Simba na wa pili kuhusu Yanga, na hapo umeanzisha mazungumzo yaleyale ambayo mwenye nyekundu alikuwa anayakwepa. Kijani na njano ni rangi za chama pia, na mwenye ukumbi anaweza kuhoji. Tena wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Chapa neno na umbo juu ya rangi. Mraba wenye "NIACHE KWANZA", pembetatu yenye "WANAONIJUA TU", duara lenye "KARIBU TUONGEE". Herufi zisomeke kwa hatua tatu. Hapo rangi inabaki ya kusaidia tu. Bandika maelezo mlangoni, chooni na kwenye meza ya chai, na wahudumu wa chakula waelezwe kabla hawajaanza, maana wao ndio wanaosahaulika. Mtu mwenye kadi ya mraba anaulizwa "na wewe mchuzi?" mara tatu, na haikuwa nia mbaya ya yeyote.

---

dada_mizani alijibu:

Niseme kuhusu fedha na madaraka, kwa sababu mikutano yetu inaponyokea hapo.

Mwenyekiti wa mkutano na mtu anayeidhinisha malipo wawe watu wenye usonji. Kwenye kamati ya saba, wasiopungua watano. Wazazi na marafiki wasaidie, lakini wasishike daftari la fedha wala ratiba, kwa kuwa anayeshika hivyo viwili ndiye mwenye mkutano hata kama kwenye mwaliko kuna jina lingine. Vikao vya kamati vifanyike kwa maandishi kwenye kundi la simu, kila hoja ipewe saa 48 za kujibiwa, na kazi igawiwe kwa mtu mmoja na mbadala wake, iandikwe kwa ukamilifu. "Shughulikia usafiri" inamlemea mtu. "Piga simu kwa wenye magari wawili kabla ya Alhamisi, uliza bei ya kwenda na kurudi, andika hapa" inafanyika.

Mgeni rasmi: kataeni. Anachelewa, mkutano unamsubiri, akifika watu wanasimama, itifaki inasomwa, hotuba inachukua dakika 40 na kipindi chenu kimoja kimekwisha. MC naye ni kipaza sauti na utani wa kuwashika watu mikono, hamumhitaji. Mwandikieni mfadhili barua fupi kabla hamjapokea fedha. Mkumbusheni kuwa Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 4 kifungu cha 3 inataka watu wenye ulemavu wenyewe washirikishwe kwa karibu katika maamuzi yanayowahusu, kupitia asasi zao. Halafu mpeni kitu cha kupeleka ofisini kwake: taarifa ya kurasa mbili, hesabu zenye risiti, na picha za ukumbi, ratiba ukutani na kazi za mikono za washiriki. Akitaka mwakilishi wake aje, aje kama mshiriki, avae kadi, akae.

Picha za watu: dakika 15, mahali pamoja panapojulikana, saa iliyoandikwa kwenye ratiba, kwa wanaotaka tu na waliotia saini. Muda mwingine wote hakuna kamera, na mwako wa kamera usitumike kabisa. Kupiga picha ya ukumbi mzima "kwa nyuma" hapana, watu wanatambulika kwa mgongo.

Nauli usiilipe kwa foleni ya kusaini saa ya kuondoka. Ndiyo saa watu wamechoka kuliko zote, na ndipo kelele, kusukumana na kulia hutokea. Tuma kwa simu siku moja kabla. Atakayepokea asifike ni hasara ndogo kuliko kumvunja mtu mwisho wa siku nzuri. Mahudhurio mtu wa mlangoni aweke alama kwenye orodha mwenyewe. Mfadhili akisisitiza saini, mtu asaini anapoingia, wakati wowote kabla ya saa 4:00, wala asipange mstari.

---

pwani_tulivu aliandika:

Asanteni sana, mmenifungua. Mgeni rasmi tunamkataa. Yamebaki mawili. Kuna kijana hatumii maneno ya mdomo, anaandika kwenye simu, na mama yake hujibu kila swali kabla yeye hajamaliza kuandika. Mama ana nia njema na bila yeye kijana hawezi kufika. La pili, mtu akizidiwa ukumbini tufanyeje?

---

nyota_kisauni alijibu:

Kwa mama: wasindikizaji wapewe mahali pao, pa heshima, penye chai na vitafunwa, umbali wa kuita. Mmoja kwa kila mshiriki. Waambiwe kwenye mwaliko kuwa ndani ya vipindi wanaingia tu pale mshiriki mwenyewe akitaka. Yule mama mwendeeni mkiwa wawili, muulizeni anayoyajua yeye: dalili za kijana kuchoka, chakula, dawa, njia ya kurudi. Akiona mnauliza na mnaandika, atamwachia. Kama wazazi wana neno, waliandike, lisomwe na kamati baadaye. Jukwaani siku hiyo hapana.

Kwa kijana, mwenyekiti amtazame yeye au meza, asimtazame mama. Akiuliza swali asubiri. Kuandika sentensi moja kwenye simu kunaweza kuchukua dakika mbili, na ukumbi uambiwe kwamba kimya hicho ni zamu ya mtu kuzungumza. Usimkatize kwa kumkisia anachotaka kusema. Wekeni pia kadi za NDIYO, HAPANA, SUBIRI, NATAKA KUTOKA kwenye kila meza. Wengi wanaozungumza vizuri asubuhi huzihitaji ifikapo saa nane.

Kuzidiwa: chagueni mapema watu wawili wa kushughulika, wengine wote kazi yao ni kusogea na kugeuza macho. Sauti zizimwe. Asishikwe, asipepewe, asimwagiwe maji, na hili niliseme bila kuficha: asizungukwe kuombewa wala kukemewa mapepo. Msaidizi akae chini, pembeni, si mbele yake, aseme maneno machache au asiseme. Njia ya kutoka iwe wazi. Akitulia asiombwe maelezo wala msamaha, mpeni maji karibu na mkono, kipindi kiendelee anapotaka.

Mjue tofauti na kifafa, ambacho huwapata watu wenye usonji zaidi ya wengine. Kwa degedege la kifafa ondoeni vitu vigumu karibu yake, wekeni kitu laini chini ya kichwa, tazameni saa. Msimbane, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Mtetemeko ukiisha mlazeni ubavu. Ukipita dakika tano, au ukirudia kabla hajazinduka, ni hospitali. Kwa hiyo gari na dereva wawepo siku nzima, na namba ya dereva iwe ukutani.

---

jiko_la_makorora alijibu:

Chakula kidogo tu. Msipike pilau. Harufu ya binzari itafika chumba cha utulivu, na kila kitu kimechanganyika, mtu hawezi kutoa asichokivumilia. Wali mweupe, kilo 4 za mchele kwa watu 25 zinatosha. Maharage sufuria yake, kuku wa kuchemsha bila mchuzi mbali na mchuzi, mboga mbali, viazi vya kuchemsha, ndizi mbivu, mkate mkavu. Kila chombo kiwe na jina na vilivyomo, na kijiko chake kisichohamia chombo kingine. Sahani bapa kubwa, vitu visigusane.

Jiko liwe upande upepo unakoelekea, si unakotoka. Mpangaji asitangaze "karibuni chakula" watu wote wakasimama pamoja. Chakula kikae mezani kwa muda wa saa moja na nusu, mtu anakwenda anapotaka na anakula anapotaka, hata nje peke yake. Anayekuja na chakula chake asiulizwe, na asibembelezwe aonje. Menyu iende kwenye ule ujumbe wa siku 10 kabla, na ikibadilika siku hiyo, hata kama ni mboga tu imekosekana sokoni, mtume ujumbe asubuhi kabla watu hawajatoka majumbani, ili mwenye kutaka afunge cha kwake.